Doa Lile Si Langu

Kwanza wekeni chini hicho kitambaa. Naam, hicho hicho mlichokishika. Kioo cha ndege hakifutwi kikavu. Maji kwanza, kitambaa baadaye. Mkilishika hilo peke yake, mkafunga daftari mkaenda zenu, mie sitakasirika, maana mtakuwa mshapata nusu ya yale niliyoyapata mie kwa miaka ishirini na mbili pale kiwanja cha ndege Kisauni.

Nusu ya pili ni hadithi, na hiyo mtavumilia.

Jina langu Zuwena Vuai Shaame, wa Ng'ambo. Skuli niliishia darasa la nne, lakini majina hayanitoki. Mtu akitajwa mbele yangu mara moja basi yumo kichwani mpaka kufa. Nyinyi watatu mlioandikwa kazi juzi ni Mwanaidi, Salha na Is-haka, na nnajua pia ni nani kati yenu aliyesinzia nilipokuja kukuamkieni. Simtaji. Anajijua.

Kazi yangu ilikuwa kusafisha vioo vya ndege. Majirani wakisikia "Bi Zuwena yuko kwenye ndege" wakidhani nnaruka. Wengine wakinipa salamu niwapelekee jamaa zao Dar. Kumbe mie hata ile ngazi ya kusafishia, vidaraja vitatu, ilikuwa ikinitia kizunguzungu. Nikipanda naisomea dua kwanza.

Kampuni yetu ilikuwa ndogo, na jina lake halina haja. Ndege mbili tu, za injini moja moja, zikichukua wageni watano kwenda Pemba na kurudi. Ubavuni ziliandikwa herufi ambazo kwangu hazikuwa na maana yoyote, kwa hivyo nikazipa majina ya shangazi zangu: Mwanakombo na Mwajuma. Hao shangazi zangu, Mungu awarehemu, walikaa nyumba moja miaka na miaka hawasemezani kwa sababu ya kinu. Mmoja akitokea mlango wa mbele, mwenziwe anapita uani. Nikaona majina yamefaa sana, maana ndege nazo hazitakiwi kukutana.

Sasa siku yangu ya kwanza. Mwenye kampuni, Bwana Seif Khalfan, aliniita akaniambia, "Bi Zuwena, nataka kile kioo cha mbele king'are."

King'are! Mie kung'arisha nisijue? Sufuria zangu mimi watu walikuwa wakijitazamia ndani yake wakivaa mitandio. Kesho yake nikaenda kazini na makumbi yangu ya nazi na jivu ndani ya kopo la maziwa. Nikamkabili Mwanakombo. Nikasugua kwa mduara, kwa nguvu, mpaka jasho likanitoka na bangili zikawa zinapiga ngoma juu ya kioo. Nilipomwagia maji palikuwa panapendeza. Palipokauka, kioo chote kimekuwa cheupe kama tui.

Nikadhani jivu halijatoka. Nikasugua tena.

Hapo ndipo alipokuja Mzee Haji Makame Ussi, mtu wa Makunduchi. Yeye ndiye aliyekuwa akiongoza ndege zinapoegeshwa, na kazi za usafi zote zilikuwa chini yake. Jicho lake la kushoto lilikuwa halioni tangu utotoni. Lile la kulia lilikuwa likiona kwa mawili.

"Bi Zuwena."

"Naam."

"Umekifanya nini kioo?"

"Nimekisugua."

"Ili kiwe nini?"

"King'are."

Akaweka uso wake karibu, akatazama. Akachukua makumbi yangu, akayanusa. Akalitazama kopo. "Mwanangu," akasema taratibu, "hiki si kioo. Sisi twasema kioo tu, lakini hii ni plastiki. Ulichokifanya ni kama umechukua uso wa bibi harusi ukausugua kwa jiwe."

Nilikaa chini pale pale nikalia. Nikajua nshafukuzwa kabla sijamaliza hata siku moja. Mzee Haji hakunisemea kwa Bwana Seif. Alisema Mwanakombo anahitaji "matengenezo ya uso", akaniletea dawa ya kusugulia, ya ute, na kitambaa laini, na kwa wiki mbili nilikuwa nafuta mikwaruzo yangu mwenyewe, mmoja baada ya mmoja, kwa kidole. Yote ikatoka isipokuwa mmoja. Ulikuwa na urefu wa punje ya mchele, upande wa kulia, mbele ya kiti cha abiria anayekaa na rubani.

"Huo uache," akasema Mzee Haji. "Uwe unakutazama kila asubuhi."

Na ulinitazama, wallahi.

Basi yeye ndiye aliyenifundisha, nami nakufundisheni nyinyi. Bangili na pete zivuliwe. Maji mengi yatangulie, kwa sababu hapa kwetu upepo unatoka baharini na kila kioo kina chumvi, na chumvi na vumbi chini ya kitambaa ni msasa. Kitambaa kiwe cha pamba, kilichofuliwa mpaka kikachoka. Mie nilikuwa nachana kanga zangu za zamani, na kuna abiria waliokwenda Pemba salama kwa kanga niliyofungia uzazi wa mwanangu Maryam. Siku hizi mnaletewa vitambaa vya pakiti, vizuri, sivitilii ila. Lakini kikianguka chini hata mara moja, kitupeni kwenye vya kufulia, msikipangusie kwenye nguo mkasema kisafi. Dawa ya vioo vya nyumbani msiguse, inaitia plastiki nyufa ndogo ndogo kama mguu wa mtu aliyekaa pwani. Na mkono uende juu na chini, juu na chini. Hauendi mduara. Ukifuta mduara unaacha mikwaruzo ya mduara, na jua likipiga pale, rubani anaona utando wa buibui mbele ya uso wake.

Mie nikamuuliza Mzee Haji, kwa jeuri kidogo maana nshazoea, "Sasa yote hayo ya nini? Angani kuna nini cha kuona? Si mawingu tu?"

"Kuna ndege nyingine."

"Ndege kubwa ile, mtu asiione?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Ikiwa mbali, unajua ndege inaonekanaje?"

"Kama ndege."

"Kama mavi ya nzi. Sasa weye ukimwachia rubani mavi ya nzi manne kwenye kioo, la tano lenye watu sita ndani atalijuaje?"

Nikachovya kitambaa tena.

Akanieleza jambo ambalo mpaka leo nikilifikiria nywele zinanisimama. Alisema ndege itakayokupita huiona mapema, kwa sababu inatembea juu ya kioo. Mara iko hapa, mara iko pale, na jicho la binadamu likiona kitu kinatembea hukigeukia, hata kama hukutaka. Lakini ile itakayokugonga haitembei. Nyinyi mnakwenda na yenyewe inakuja, na mahali ilipo juu ya kioo inabaki pale pale. Kadoa. Kamekaa. Kametulia kama kitu kilichosahauliwa na msafishaji. Kanakaa hivyo hivyo kidogo, kidogo, halafu mwisho kanafunguka kama mwavuli, na hapo huna muda wa kusema hata "Lahaula".

"Kwa hivyo rubani afanye nini?"

"Kwanza asiitazame mbingu yote kwa mpigo, macho yanalala. Aikate vipande kama muhogo, kila kipande asimame akitazame. Halafu akiona doa, achezeshe kichwa."

"Achezeshe kichwa?"

"Hivi." Akayumba kushoto, akayumba kulia. "Mie na jicho langu hili moja, unadhani nnajuaje kipi karibu na kipi mbali? Ukiyumba, doa lililo juu ya kioo linabaki juu ya kioo. Kilicho nje, kioo kinakiacha. Weka alama moja juu ya kioo, uitazame na doa lako. Vikienda pamoja, chukua maji na kitambaa. Vikiachana, omba Mungu ugeuze njia."

Mie nilimuona kama mtu wa maulidi ya homu, anavyoyumba peke yake mchana kweupe katikati ya kiwanja. Nilimcheka. Nyinyi msinicheke mie, mngoje kwanza.

Najua mtaniambia nini. Is-haka alishaniambia juzi: "Bibi, siku hizi ndege zina skrini, inamuonyesha rubani ndege nyingine zote." Naam, nimeziona, zimekuja, na ni jambo la kheri. Lakini skrini inaonyesha ndege inayojitangaza. Aliyenyamaza, au ambaye chombo chake kimeharibika, haonekani. Na kunguru wa mji huu, wengi kama walivyo, sijapata kuona mmoja anajitangaza. Kwa hivyo kioo kifuteni.

Tuje kwa Kapteni Nassor.

Kapteni Nassor Hilal, mtoto wa Malindi, Mji Mkongwe. Shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe, kanzu ya Ijumaa inanuka udi mpaka Jumatatu. Alikuwa rubani mzuri sana, akiiteremsha ndege chini kama mtu anayeweka mtoto aliyelala. Ila alikuwa na maradhi ya madoa. Akishuka tu, kabla miguu haijatulia:

"Shikamoo Bi Zuwena. Kuna doa."

"Marahaba. Wapi?"

"Kwenye kioo."

"Kapteni, hao ni wadudu, umewagonga njiani. Tazama, huyu hata mbawa anazo."

"Doa nililoliona mie lilikuwapo kabla sijaruka."

Kila safari. Salamu na doa kwa pumzi moja, mpaka mie nikawa nikisikia "shikamoo" popote, hata sokoni Darajani, natazama ndoo yangu iko wapi. Wakati huo Mzee Haji alishastaafu karudi zake Makunduchi, sina wa kunitetea. Nikawa nafuta mara mbili. Nikafuta mara tatu. Madoa yakazidi, kwa sababu mtu akishatafuta doa atalipata.

Siku moja Bwana Seif akaniita ofisini. Hakunikaribisha kiti, nikajua.

"Bi Zuwena, wewe mtu mzima, sitaki kukuvunjia heshima. Lakini likija doa jingine, basi. Nitatafuta vijana."

Wanangu, mie nilikuwa nakaa na wajukuu wawili, Maulid na Tatu, watoto wa marehemu Maryam. Nywele zishakuwa nyeupe, darasa la nne, na kazi moja duniani ninayoijua. Mtu kama mimi akitolewa kiwanjani, nani atamwajiri kwa kujua kufuta juu na chini? Usiku ule sikula. Asubuhi nikamkabili Kapteni Nassor na ndoo yangu mkononi.

"Nipandishe."

"Wapi?"

"Juu. Unionyeshe hilo doa linalotokea huko huko. Likiwapo, naacha kazi mwenyewe, humpi tabu Bwana Seif. Lisipokuwapo, mdomo wako nao uufunge."

Akanitazama. "Bi Zuwena, wewe ngazi tu unaisomea."

"Nitaisomea na ndege."

Ikawa Jumatano. Bwana Seif alikuwa kalala Pemba kwa shughuli zake, na asubuhi ile angerudi na Mwajuma, anaendesha Kapteni Yusra Omar Faki, msichana wa Wete, mcheshi. Kapteni Nassor alikuwa anakwenda Pemba tupu na Mwanakombo kuchukua wageni. Mie nikaja alfajiri. Nikamuosha Mwanakombo mara tatu, nje na ndani, nikatumia kanga yangu bora. Nikamwita Nassor.

"Tazama mwenyewe, kabla hatujaondoka."

Akazunguka. Akachuchumaa. Akapanda ngazi. Akatazama kutoka ndani. Mwisho akasema "Safi," kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. Hakukuwa na kitu juu ya kile kioo ila ule mkwaruzo wangu wa punje ya mchele, na huo ulikuwa upande wangu nitakapokaa.

Akanifunga mkanda juu ya buibui. Nikamuuliza kama mlango umefungwa. Umefungwa. Tulipoanza kutembea nikamuuliza tena. Tulipoondoka ardhini sikuuliza kitu, nilifumba macho nikasoma kila nilichokijua, nilipomaliza nikaanza tena mwanzo.

"Fumbua macho, Bi Zuwena. Hukuja kulala."

Nikafumbua. Ya Rabbi! Ng'ambo yote iko chini yangu, mabati na mabati, nikawa naitafuta nyumba yangu nione kama Tatu kaanua nguo. Kisha majani, halafu mikarafuu ya Kizimbani imepangwa mistari kama watoto wa skuli. Nikasahau hofu. Kwenye zile spika za masikioni nikasikia mnara ukisema ndege inatoka Pemba inakuja upande wetu, yenyewe itapita juu, sisi tubaki chini yake, tuitazame.

"Namtafuta," akajibu Kapteni Nassor. Akapunguza sauti ya mnara, akanigeukia. Lakini alilokuwa akilitafuta halikuwa ndege.

Alitafuta doa.

Akalipata.

"Enhe!" Akanyoosha kidole, uso umemchanua kwa furaha. "Lile nini? Lile pale, mbele yangu!"

Nikatazama. Kweli, kadoa. Kadogo, keusi, kamekaa juu ya kioo kametulia. Nikaona kazi yangu inaondoka, nikamuona Maulid na mkoba wake wa skuli. Nikachomoa kanga yangu ya kufutia chini ya buibui, nikainama kufuta.

"Si hapo!" akasema. "Huko unafuta nini? Liko upande wangu."

"Liko huku, Kapteni. Karibu na mkwaruzo wangu."

"Mkwaruzo gani? Liko hapa, mbele ya pua yangu."

"Liko mbele ya pua yangu mie!"

"Bi Zuwena, usinifanye mtoto. Nnaliona kwa macho yangu. Liko kushoto."

"Na mie nnaliona kwa yangu. Liko kulia. Na nimelifuta, halitoki."

"Basi liko nje."

"Nje nimefuta mara tatu, na wewe umetazama ukasema safi!"

Tukawa tunagombana hivyo, yeye ananyoosha kidole kwake, mie nafuta kwangu, kama watu wawili wanagombea kiti kwenye harusi. Na katika kugombana huko, Kapteni alikuwa kashika usukani kwa hasira, anauvuta kidogo kidogo bila kujijua, na Mwanakombo taratibu anapanda. Hayo aliyasema yeye mwenyewe baadaye. Mie pale sikujua. Mie nilikuwa nataka doa litoke.

Halikutoka. Nikafuta mpaka plastiki ikalia. Limekaa pale pale. Ndipo ghafla nikamsikia Mzee Haji Makame Ussi kana kwamba amekaa kiti cha nyuma: kametulia, kama kitu kilichosahauliwa na msafishaji.

Nikayumba kushoto. Nikayumba kulia.

"Bi Zuwena, unaumwa?"

"Nyamaza."

Nikaukazia macho ule mkwaruzo wangu. Nikayumba kushoto tena, mkwaruzo ukabaki na kioo, doa likauacha. Nikayumba kulia, doa likarudi, likapita upande wa pili.

"Kapteni," nikasema. "Doa moja haliwezi kuwa mbele ya pua yako na mbele ya pua yangu."

Alinitazama. Akatazama kioo. Akayumba, wallahi, Kapteni Nassor Hilal na shati lake la pasi akayumba kama mimi, mara moja tu, na rangi yote ikamtoka usoni.

"Hilo doa si langu!" nikapiga kelele. "Hilo liko nje!"

Akailaza ndege upande wa kulia. Sikujua kuwa ndege inaweza kulala namna ile. Mikarafuu ya Kizimbani ilikuja dirishani kwangu, nikaiona kila mti na mti wake, na kanga yangu ikaruka ikamfunika usoni, akaitupa nyuma bila kusema kitu, anapiga kelele kwenye redio. Na doa likafunguka. Kama mwavuli, kama nilivyoambiwa. Likawa na mbawa, likawa na pangaboi mbele, likalala nalo upande wake wa kulia, likapita kushoto kwetu kwa mngurumo mmoja.

Mwajuma. Shangazi wawili miaka yote ile hawasemezani, wanakuja kukutana juu ya Kizimbani!

Na mnajua niliona nini katika kupita kule? Niliona vioo vyake vinang'ara. Nikasema moyoni, Alhamdulillahi, hivi nimefuta vizuri. Nyuma ya kioo niliona kofia ya Bwana Seif, na chini ya kofia mdomo uko wazi.

Hatukwenda Pemba. Kapteni Nassor aligeuza taratibu sana, tukarudi Kisauni nyuma ya Mwajuma. Njia nzima alisema neno moja tu, "Samahani," na sikujua anamwambia nani, nikamjibu tu kwa niaba ya wote.

Tuliposhuka, Bwana Seif alikuwa amekaa juu ya ngazi yangu ya kusafishia anakunywa maji. Kapteni Yusra alikuwa anacheka kile kicheko cha mtu aliyekoswa na gari.

"Yusra," akasema Nassor, "hukuniona?"

"Nilikuona ulipolaza bawa, likamemetuka kwa jua, ndipo na mie nikageuza. Kabla ya hapo?" Akamgeukia mwenye kampuni. "Muonyeshe, Bwana Seif. Waonyeshe ile picha."

"Picha gani tena," akasema Bwana Seif, anatazama kando.

"Ushahidi wako."

Kumbe, wanangu, huko kwao nako lilikuwapo doa. Bwana Seif kaliona, kadogo, kametulia, juu ya kioo cha Mwajuma. Akamwambia Yusra, "Waona? Na hii nayo! Leo ndiyo mwisho wa Bi Zuwena." Akatoa simu yake akalipiga picha, ili nikikataa anionyeshe. Yusra badala ya kutazama mbele akawa anainama apishe simu. Mabwana wawili wana macho mazima, huyu huku na yule kule, kila mmoja anaitazama ndege ya mwenziwe, na wote wanalitaja jina langu mie!

Bwana Seif akatoa simu kwa shingo upande. Mie bila miwani cha kwenye simu sikioni, akaichukua Kapteni Nassor. Akaipanua ile picha kwa vidole viwili. Doa likakua. Akapanua tena. Doa likatoa bawa huku, likatoa bawa kule.

"Hii," akasema Nassor polepole, "ni mimi."

"Na mie nimo," nikasema. "Hapo nilikuwa nafuta."

Halafu Yusra akaanza tena kucheka, na safari hii Bwana Seif naye yakamshinda. Akajifuta macho kwa kofia yake. "Sasa, Bi Zuwena, nikuandikie barua nisemeje? Kwamba umesahau ndege kwenye kioo?"

"Barua usiandike," nikamwambia. Nilikuwa bado natetemeka, ndiyo maana nilipata ujasiri. "Wewe kila asubuhi niletee rubani wako mbele ya kioo kabla hajawasha injini. Tutazame pamoja, yeye na mie, tuyumbe pamoja. Akisema safi, basi ni safi. Doa lolote atakaloliona baada ya hapo si langu. Asiniletee mie. Alipishe njia."

Ikawa hivyo mpaka nilipostaafu. Wageni walikuwa wakitupiga picha, rubani na bibi kizee wanayumba mbele ya ndege, wakidhani ni mila. Na nyinyi mtawayumbisha marubani wenu, hata wale wenye skrini. Wakiona haya, waambieni mmeagizwa na mie.

Kapteni Nassor aliandika taarifa ya yaliyotokea, na kosa akajiandika mwenyewe, sikumuomba. Ijumaa ile baada ya sala alikuja kwangu Ng'ambo na kikapu cha haluwa.

"Shikamoo Bi Zuwena."

"Marahaba."

Nikangoja. Mkono wangu, Mungu ni shahidi, ulikuwa unaitafuta ndoo. Hakusema kitu kingine. Alikaa, akanywa kahawa, akamuuliza Maulid habari za skuli, akaenda zake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia shikamoo ya mtu yule ikiwa peke yake.

Mwaka niliostaafu Mwanakombo alibadilishwa kioo cha mbele, kile cha zamani kikawa kitupwe. Yusra akakiomba, wakaniletea nyumbani wamekifunga blanketi. Kimeegemea dirisha langu la jikoni mpaka leo, na ule mkwaruzo wa punje ya mchele unanitazama kila asubuhi kama alivyotaka Mzee Haji. Nikikaa na chai yangu naona kadoa juu ya Ng'ambo, kadogo, kametulia. Nayumba kushoto, nayumba kulia. Majirani wameshazoea. Kakiachana na mkwaruzo, nnajua ni Mwajuma anakwenda Pemba, namuombea safari njema.

Kasipoachana, nainuka nikachukue maji. Halafu kitambaa.